Tulipotoa Viti Nje

Jumamosi zetu zilikuwa za Kaptagat. Mke wangu anajaza chupa ya chai, mimi nabeba mihogo ya kuchemsha, tunaegesha gari kando ya barabara ya vumbi msituni na kuwatazama wanariadha wakifanya mazoezi. Wanapita kundi kwa kundi, kimya, unasikia pumzi na viatu tu. Sisi tunawapungia. Wachache huinua kidole kimoja, basi. Mke wangu husema wanakimbia kama waliosahau chungu motoni. Mara ya kwanza nilicheka sana. Baada ya mwaka mzima wa Jumamosi nilikuwa nacheka kwa adabu.

Tulikuja Eldoret kwa sababu yake. Alipata mkataba wa kufundisha wauguzi. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu wa jiografia kule Mbinga, kusini kabisa mwa Tanzania, nikajidanganya kwamba mtu aliyefundisha ramani miaka yote ile hawezi kupotea popote. Tukapanga nyumba upande wa Kapseret, nyumba nzuri yenye geti la chuma. Asubuhi yeye anakwenda kazini, mimi nabaki na geti.

Siwasemi vibaya majirani. Mama wa maziwa, mwenye ng'ombe watatu nyuma ya ukuta wetu, alitundika kidumu getini kila asubuhi. "Habari ya asubuhi?" "Mzuri." Mpaka kesho tena. Kanisani tulipeana mkono wa amani, halafu kila mtu akatafuta ufunguo wa gari lake. Kwetu mgeni akihamia mtaani, wenyeji ndio humwendea kumjulia hali. Kwa hiyo nikangoja waje. Nilingoja mwaka mmoja na miezi minane, kiburi kikininenepea kifuani. Jioni tulicheza karata, na karata za watu wawili wa nyumba moja zinachosha, maana kila mmoja anajua mwenzake ameshika nini.

Kisha mama yangu akafariki.

Simu ya mdogo wangu ilikuja Jumanne asubuhi, nikiwa naosha vikombe. Kijijini kwetu hakuna chumba cha maiti. Mtu huzikwa kesho yake. Kutoka Eldoret hadi Mbinga ni siku tatu za basi, na ndege ya Songea hairuki kila siku. Nilizipima njia zote nilizozijua na zote zikanipa jibu moja. Mama angezikwa bila mwanawe wa kwanza.

Kilichobaki ni matanga. Nilitaka kitu kimoja tu: mtu aje akae na mimi kwa ajili ya mama yangu. Hata mmoja, lakini awe si mke wangu, maana yeye alikuwa mfiwa kama mimi.

Mke wangu alirudi kutoka kazini mbio, akashika simu awaandikie wenzake. Nikamkataza.

"Msiba si mnada," nikamwambia. "Hautangazwi. Watu wakiona, watakuja."

"Wataona nini, baba watoto?"

"Wataona msiba."

Basi tukafanya kama inavyofanywa kwetu. Tukatoa sebuleni makochi, meza, kabati la televisheni, hata zulia, tukavipanga uani. Ndani tukatandika mikeka miwili tuliyokuja nayo. Mke wangu akajifunga khanga, akaketi chini, mgongo ukutani. Mimi nikawasha moto wa magogo karibu na makochi, mahali ambapo wanaume wangekaa, nikafungua geti pande zote mbili. Kwetu ukiona nyumba ina viti nje, geti wazi na moto unafuka mchana kweupe, huulizi. Unavua kofia, unaingia.

Nikakaa kwenye kochi langu uani, nikangoja.

Watu walipita. Walitazama, tena sana. Mwanamke mmoja alisimama akaikagua meza yetu kwa macho, kisha akaendelea na safari yake. Saa nane akaingia mwanamume. Nikasimama kumpokea.

"Mzee, naona mnashift," akasema. "Niko na pikapu hapa steji. Hii yote naeza beba na tripu moja."

"Hatuhami."

"Ni sawa, mzee. Mkimaliza kupanga mniite." Akautazama moto wangu. "Na hiyo takataka mnachoma, muangalie upepo."

Ningeweza kumwambia. Neno moja tu, na nina hakika angevua kofia. Lakini nilikuwa nimepandwa na hasira, nikamkazia macho mpaka akatoka.

Saa kumi ikanyesha ile mvua ya Eldoret isiyobisha hodi. Mke wangu akasema turudishe makochi ndani. Nikakataa, nikasema viti vya msiba havirudishwi kabla watu hawajaja. Akanitazama kama mgonjwa wake, akaenda peke yake kutafuta turubai. Makochi yalikuwa yameshalowa. Jioni mwenye nyumba akapiga simu: amesikia tunahama, mbona hatukumpa notisi? Yaani mtaa mzima ulikuwa umetuona na umetuzungumzia. Nilimjibu kwamba hatuhami, nikakata.

Asubuhi ya Jumatano hapakuwa na maziwa getini.

Saa sita mdogo wangu akapiga simu kutoka makaburini, akaishika juu ili nisikie. Tuliiweka katikati ya mkeka, mimi na mke wangu, tukainamisha vichwa. Nilisikia upepo, nikasikia nyimbo zetu, kisha nikasikia majembe. Nililia kwa ndani tu, kama mwizi. Nilijihisi mpweke kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Nilipoinua macho, mama wa maziwa alikuwa amesimama mlangoni na gambuti zake.

"Nimekuja kuchukua mtungi yangu ya maziwa kabla muende," akasema. Halafu akaiona simu chini, akasikia zile nyimbo.

"Mama, hatuendi popote," mke wangu akamwambia. "Mama mkwe wangu amefariki. Hivi sasa ndiyo wanamzika."

"Woi! Na mbona hamkusema?"

"Tulitoa viti nje," nikasema. Nilijisikia nikisema kama mtoto.

"Viti tuliona. Na geti tuliona imefunguliwa, na hiyo geti haifunguliwangi. Tukasema, hawa Watanzania wamechoka na sisi, wanarudi kwao."

Lalamiko hilohilo nilikuwa nimelifuga mwenyewe, nikiwatupia wao, tangu tulipohamia. Yeye akasema pole, akachukua kidumu chake akaondoka. Hakuketi hata dakika moja.

"Umeona?" nikamwambia mke wangu.

Saa tisa tukasikia watu getini. Walikuwa wanawake saba na wanaume wawili, na kila mmoja amebeba kiti chake cha plastiki, wengine kichwani, wengine begani. Walikuwa wameona makochi yetu yamelowa. Mama wa maziwa alitangulia, safari hii amevaa viatu vya kanisani, kidumu kimejaa. Nyuma kabisa alikuwa yule mwenye pikapu, kofia mkononi.

Kila kitu kilikwenda kombo. Walipanga viti kuzunguka mikeka, wanawake wakakaa juu na mke wangu mfiwa akabaki chini, wanaume wakaingia ndani pamoja na wanawake. Mama yangu angeshangaa. Wakaimba wimbo kwa lugha yao, sikuelewa hata neno. Kisha bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, akanigeukia.

"Mzee, huyo mama alikuwa anaitwa nani? Tumuombee na jina."

Tangu ile simu ya Jumanne, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Nikalitaja jina lake, lile la ubatizo na lile la nyumbani. Wakalirudia kwa pamoja, taratibu, kila mtu kwa ulimi wake, na wote wakalikosea. Nikafungua mdomo niwasahihishe, mwalimu ni mwalimu, na kilichotoka kilikuwa kilio.