Pua ya Shemeji na Lami ya Zamani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, hajui kutupa kitu. Mlango wa bafu lake ulitoka kwenye ofisi iliyobomolewa, na sebuleni kuna kiti cha basi, na mikanda yake. Dada alishachoka kugomba. Mimi sijachoka, maana shemeji asiyetaniwa huota pembe, basi kila nikiingia namuuliza gari linaondoka saa ngapi.

Kwa hiyo sikushangaa alipoanza kuokota barabara. Sisi ni kikosi cha matengenezo ya barabara za mji, watu tisa. Yeye ndiye nyapara, mimi naendesha rola. Zamani lami iliyochoka tuliikwangua, tukaipakia kwenye lori na kuitupa bondeni, kisha mashimo yakasubiri lami mpya, ambayo ilikuja ikipenda. Shemeji akasema huo ni upumbavu. Kokoto ni zile zile, na lami iliyozishika haijafa, imekauka tu. Akaanza kuirundika uani kwetu. Akaiponda, akaitia kwenye pipa kubwa linalozunguka juu ya moto, akaiongezea lami mpya kidogo ili ilainike. Kiraka cha kwanza alikiweka getini kwetu, magari yetu wenyewe yakikanyage. Kipo hadi leo, na mimi niliyekicheka nakipita kila asubuhi.

Siri yake ilikuwa pua. Lami ya zamani haitaki mchezo: joto likipungua haishikani, likizidi inaungua, na ikishaungua haimfai mtu. Kipimajoto tulikuwa nacho, kipya, kimelala kabatini ndani ya boksi lake. Mchanganyiko ulipokaribia kuiva tulinyamaza sote, mimi nikazima rola, naye akasogea, akavuta pumzi mbili fupi, akasema "Mwageni" au "Bado." Kukitoa kile kipimajoto mbele yake kungekuwa sawa na kuomba chumvi kwa mama mkwe kabla hujaonja. Hatukuthubutu, na kusema kweli hatukuona haja.

Mwaka jana tukaletewa injinia mpya, mama mmoja mpole asiyepoteza maneno. Alipiga magoti getini, akakikwaruza kile kiraka kwa ufunguo wake, akainuka, akaenda zake. Wiki iliyofuata akatupa mteremko wa hospitali, mita mia tatu, tuuwekee tabaka jipya la juu kwa lami ya zamani. Ukivuka msimu wa mvua, lundo letu linabaki na barabara zote za mji zitatengenezwa hivyo. Ukishindwa, lundo zima linakwenda bondeni na habari hiyo isisikike tena. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ambaye tangu mwanzo aliiita takataka, alitia saini huku anacheka. Shemeji alifurahi kama mtu anayeozesha binti.

Majuma mawili kabla ya kazi alishikwa na mafua makali, yakapita. Jumapili moja dada akanisimulia, machozi ya kicheko yakimtoka: maharage yameungua jikoni mpaka jirani kaja kugonga mlango, na mwenye nyumba yupo hatua tatu tu, anasoma gazeti.

"Nikamuuliza, wewe husikii harufu? Eti, harufu gani?"

Nikacheka nami, nikasema pua imestaafu kabla ya mwenyewe. Njiani kurudi kwangu kicheko kikaniishia. Mteremko ulikuwa unaanza kesho yake.

Siku ya kwanza mchanganyiko ulitoka mzuri, pengine kwa mazoea tu, na nikajiambia dada katia chumvi. Siku ya pili, mchana, moshi wa pipa ukageuka buluu. Tukanyamaza kama kawaida. Shemeji akasogea, akavuta pumzi zake mbili.

"Bado," akasema.

Mimi nilikuwa juu ya rola, mbali, na harufu ya kuungua ilikuwa inanikwangua koo. Mchochea moto akanitazama. Mimi nikautazama usukani. Mtu mzima, nyapara, mume wa dada yangu, mbele ya watu wake, nitamwambia nini? Nikapiga kimya. Alipokuja kusema "Mwageni," lami ilikuwa imepauka na ikamung'unyika chini ya rola kama mkate uliokaa. Niliipita mara tatu, mara nne, kana kwamba uzito ungeiponya. Kila nikifika mwisho namwona kasimama pale, kikofia kichwani, ameridhika.

Mvua zilipiga siku kumi na tano. Juu kote kulishika imara. Chini, mita sitini za mwisho kuelekea geti la hospitali, zile za siku ya pili, lami ilibanduka vipande vipande. Nesi mmoja alituambia bila hasira kwamba wagonjwa waliovunjika mifupa hulia gari likifika pale.

Wakaja asubuhi, mwenyekiti na injinia, tukasimama wote pembeni ya ule uharibifu. Mwenyekiti akaokota bonge, akalivunja kwa vidole viwili.

"Nilisema mimi. Kilichokufa kimekufa. Leteni malori mlizoe hilo lundo."

Injinia akamgeukia shemeji. "Mzee, wewe unasemaje?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi, pana. Angesema lami imezeeka na kila mtu angemwamini. Lundo lingekwenda bondeni, lakini yeye angebaki nyapara, pua yake ikisifiwa, mpaka miaka yake minne iliyobaki iishe, astaafu kwa heshima. Niliomba kimoyomoyo aseme hivyo. Ndiyo, niliomba, na sijivunii.

Akavua kofia. "Lami haina kosa. Tangu nipate mafua yale sisikii harufu yoyote. Nilidhani itarudi. Hii niliiunguza mwenyewe."

"Mtu ajidhalilishe hivi kwa ajili ya kokoto?" akasema mwenyekiti. "Anaitetea takataka yake, huyo."

Injinia alichovya kitambaa kwenye dizeli ya rola yangu, akamwambia shemeji afumbe macho, akakisogeza karibu na pua yake.

"Hii nini?"

Alivuta pumzi mbili, fupi, kama zamani. "Maji," akasema.

Hakuna aliyecheka, hata mwenyekiti. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alijiumbua mwenyewe, mchana kweupe, na watu wanane wanaomwogopa wanamtazama.

"Nani mwingine alijua?" akauliza injinia.

Nikavitazama viatu vyangu.

"Hakuna," akasema shemeji. "Nilificha vizuri."

Alijua kwamba najua. Dada hajawahi kuweka siri tangu azaliwe, na shemeji si mjinga. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na bado sikufungua mdomo.

Injinia aliamua pale pale. Mita sitini zikwanguliwe, zirudiwe kwa lami ile ile ya lundoni, na kipimajoto kitoke kabatini. Mchochea moto akapewa pipa. Shemeji akapewa bendera nyekundu, asimamishe magari. Mteremko ukavuka mvua zilizobaki bila hata ufa, na lundo letu lipo, linazidi kukua.

Nilimfuata kwake kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno, hakuniacha niyamalize.

"Ungesema siku ile, ningekufukuza kazini," akasema. "Nisingekusikiliza. Kunywa chai."

Wiki iliyopita tulikuwa barabara ya sokoni. Magari yalikuwa yamepungua, naye akaja mpaka kwenye pipa, bendera kwapani, akainama, akavuta pumzi. Nilimwona anasubiri, kitu hakiji. Kisha akanigeukia mbele ya wote. Miaka kumi na tano nafanya naye kazi, hajawahi kuniuliza swali juu ya lami.

"Shemeji, inanukaje?"

Nikazima rola, nikateremka, nikasogea mpaka mvuke ukanipiga usoni. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa mtu anayeposa.

"Imeanza kukwangua koo," nikasema, kwa sauti, kila mtu asikie. "Inaungua."

Mchochea moto akatia kipimajoto, akakisoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Haya, punguzeni moto," akasema shemeji, akarudi kwenye magari yake.