Ndara za Kaka Kando ya Uwanja

Uwanja wetu wa Ukunda hauna viti. Anayekwenda kuswali alasiri msikiti wa jirani huacha ndara zake kando ya mstari, na hapo hapakaliwi mpaka arudi. Tangu kaka yangu aende kufanya kazi Uarabuni, kila siku ya mechi mimi huziweka ndara zake ubavuni pangu.

Jumapili iliyopita mzee mmoja alisimama nyuma yetu hadi kipindi cha pili kikakaribia kwisha.

"Mwanangu, huyu anaswali rakaa ngapi?"

Watu wakacheka. Nilicheka nao, kisha nikaziokota ndara, nikazipakata.

"Karibu uketi, baba. Mwenyewe yuko mbali."

Timu yetu ilipofunga, niligeuka kumshika kaka bega, nikalishika la yule mzee.