Kiende Humuuliza Pia Aliyemleta Mgonjwa

Katika hospitali moja mjini Meru, muuguzi Kiende ndiye huamua ni majeruhi yupi atangulie kwa daktari. Watu humtukana kwa kuwapitisha wazee mbele ya vijana wanaopiga mayowe. Mimi husukuma machela hapo, na matusi hayo hunikera. Anayepiga mayowe bado ana nguvu. Mzee wetu alifunzwa tangu jandoni asilie, kwa hiyo atakwambia yuko sawa mpaka azimie.

Ndivyo alivyosema Gitobu, mkulima wa Kangeta, mzee wa mvi tupu. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akipigilia bati la ghala. Karibu naye kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu alikuwa akilia kwa sauti.

"Niko sawa, mwari, binti yangu," Gitobu alimwambia Kiende. "Shughulikia huyo kijana kwanza."

Kiende akamgeukia mkewe Celina, aliyeketi ameinama, mkoba ameukumbatia tumboni.

"Cucu, nyanya yetu, tangu aanguke amekuwa aje?"

"Ananiita Igoki. Igoki ni dadake, na alikufa kitambo."

Kiende hakungoja zaidi. Foleni ilipiga kelele, nami nikamkimbiza mzee ndani. Picha ilionyesha damu inavuja kichwani, akapelekwa thieta moja kwa moja kupasuliwa.

Kiende akarudi kumpa Celina habari.

"Asante, mwanangu. Sasa wacha nilale kidogo."

Kiende akamshika mkono; ulikuwa baridi, umelowa jasho. "Cucu, wewe ulikuwa wapi akianguka?"

"Nilikuwa nimeshikilia ngazi. Aliniangukia tu. Lakini mimi niko sawa."

Kiende akauondoa mkoba. Tumbo lilikuwa limevimba, gumu kama ubao. Tulimlaza kwenye machela yangu tukakimbia, na Celina akakata roho kabla hatujafika mlango wa thieta. Sijawahi kumwona Kiende akilia kazini ila siku hiyo.

Siku hizi hakubali mzee aingie kabla hajamuuliza pia aliyemleta: na wewe, umeumia wapi? Wengine humcheka. Wacheke.

Gitobu alipozinduka, tulikuwa kando ya kitanda, Kiende na mimi. Akatutazama vizuri, akili zake zote zimerudi.

"Celina yuko wapi?" akauliza.

Mungu anisamehe, nilitamani angemuulizia Igoki.