Picha za Msichana wa Mama Muuza Ndengu

Nilikuwa na duka la kuchapisha karatasi mjini Siakago, na nilijiona mjuzi kweli kweli. Simu za wateja wangu zilijaa upesi, kwa hivyo walizoea kuniletea nihamishe picha zao kwenye kompyuta yangu, kisha nizifute kwenye simu. Hakuna aliyeniuliza kama ninaweka nakala ya pili. Sikuwa naweka.

Mama mmoja anayeuza ndengu sokoni alileta simu yake miezi michache baada ya kumzika binti yake wa pekee.

"Kijana wangu, hii simu imejaa, hata meseji haiingii. Wekea mimi picha za msichana kwa kompyuta. Huko haziwezi potea."

"Huko ziko salama, mama," nilimjibu, na mpumbavu mimi niliamini.

Kompyuta hiyo ilikuwa na programu ya kupokelea ujumbe wa wateja. Kila asubuhi iliniomba niisasishe, nami kwa ubahili wa bando la intaneti nikaiambia kesho. Siku moja mtu nisiyemjua akatuma kiungo, eti ni barua ya kuchapishwa. Nikakibofya humo humo ndani ya programu. Kufikia saa saba mchana, hakuna faili hata moja lililokubali kufunguka.

Fundi wa Embu mjini alinieleza bila huruma: kiungo kile kilileta virusi vilivyofunga mafaili yote, na hayangefunguka tena. Programu ile, kwa ndani, ilikuwa kurasa za wavuti tu. Kwenye kivinjari, ukurasa mbaya hufungiwa chumbani mwake. Hapa waliotengeneza programu waliupa funguo za nyumba nzima, yaani kompyuta yote, na toleo langu kuukuu lilikuwa na kasoro iliyomwachia mgeni azitumie. Nilimkasirikia fundi, halafu nikajikasirikia mwenyewe.

Ibada ya kumkumbuka binti ilipokaribia, yule mama alikuja kuchukua picha moja ya kuweka mbele kanisani. Nilimwambia ukweli huku nikiangalia kibodi.

"Hata moja?"

"Hata moja, mama. Nisamehe."

Aliketi kwenye benchi. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi.

"Si wewe uliziona? Ile ya mwisho, ya hospitali. Alikuwa anacheka, ama ni roho yangu inanidanganya?"

Nilikuwa nimezihamisha zote kwa mpigo mmoja, bila kufungua hata moja.

"Alikuwa anacheka, mama," nikasema.