Aliyetusemea Ng'ambo ya Rusizi

Nakumbuka siku ile tulivyokaa barazani kwa Maman Sesilia, kule Bukavu: yeye mwenyewe, mumewe Papa Deo, Mzee Ramadhani fundi wa nguo kutoka kwetu Kamembe, mimi, na baba yako Saidi, wakati huo mtoto wa miaka minne, amelala mapajani mwa huyo mama.

Mwanangu, vita vilitunyang'anya wazazi. Saidi, mdogo wangu, aliokotwa njiani na Maman Sesilia, akavushwa daraja la mto Rusizi hadi Bukavu, akalelewa. Nilipopata habari nilikwenda peke yangu kumtaka. Nilikuwa nimeacha shule ili niwalee wadogo zangu, na nilidhani udugu unatosha. Nikafungiwa mlango. Wenye haja hawajisemei kwetu, hutafuta mwombezi. Nikamwendea Mzee Ramadhani.

"Usifungue kinywa mpaka ninywe maji ya nyumba ile," aliniambia njiani. "Na nikishakunywa, nyamaza vilevile."

"Wewe tena?" Maman Sesilia aliniuliza. "Nilishakuambia, mutoto hatoki hapa."

"Maman, tuletee kwanza maji," Mzee akasema, akiiga Kiswahili cha kwao. "Hii mulima yenu inataka kuua bazee."

Akacheka bila kupenda, akaleta. Mzee akanywa kikombe chote. Nilingoja amdai mtoto. Hakumdai. Alimshukuru mama yule kwa kila homa ya Saidi aliyokesha nayo, kisha akasema, "Aliyeokoa mutoto ni mama yake. Hakuna muntu wa kukunyang'anya ile jina. Lakini huyu dada yake, kila jioni anapakua chakula cha Saidi, kinabaki pale."

Maman Sesilia akalia. "Na mimi, Mzee? Nani atanisemea?"

"Mimi. Iddi ikifika ataletwa umuone. Nimesimama kwa ile ahadi."

Papa Deo akaenda kuleta viatu vya mtoto. Maman Sesilia akamfunga Saidi mgongoni mwangu kwa kitenge chake mwenyewe.

Tangu hapo nimewaona mawakili mbele ya hakimu, nimesikia wajumbe wakienda na kurudi kati ya nchi zetu mbili, na msikitini natumaini shufaa, maombezi ya Mtume siku ya kiyama, kama Mwislamu yeyote. Wanadamu wote wanaowasemea wenzao nawapima kwa fundi yule. Ukitumwa kumwombea mtu, mwanangu, beba pia uchungu wa yule unayemwomba. Na ukisemewa, ahadi iliyotolewa kwa ajili yako ni yako.

Kabla ya Iddi ile, vita vikaanza upande ule. Tulipoweza kuvuka, barazani palikuwa na watu wengine, hawakujua wenyeji wamekimbilia wapi. Mzee Ramadhani alifariki akiniuliza, "Mulishamupeleka?"

Mungu akupe wa kukusemea siku utakapokosa maneno, nawe akufanye kinywa cha wengine. Kitenge nimekihifadhi sandukuni. Ukisikia habari za Maman Sesilia, popote utakapokuwa, niite upesi. Iddi nyingi zimepita, na Saidi bado hatujampeleka.