Sauti Yangu Upande wa Kulia

Hapa Kamembe bado kuna watu wakiniona wananiita Dokta, na mgeni akisikia anafikiri nafanya kazi hospitali, kumbe mimi ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, na hilo jina nilijipa mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya ukumbi mzima wa arusi. Nawaelezea ninyi kwa sababu najua mtacheka, na mkimaliza kucheka labda mtanionea huruma kidogo, ingawa sistahili.

Yote yalianzia kwenye mikseri. Niliinunua Bukavu, nikavuka nayo daraja la mpakani la Rusizi ya kwanza nimeifunga ndani ya shuka kama mtoto mchanga, kamashine ka bei rahisi kenye vifundo vya kuzungusha, unachomeka mikro mbili upande huu na kompyuta upande ule, basi unarekodi nyumbani. Kwaya yetu ya Mururu ilikuwa inakuja sebuleni kwangu Jumamosi, nami nikaanza kujiona mtu mkubwa (nilikuwa hata napaaza sauti "kimya studioni!" wakati kuku wanapita mlangoni). Muuzaji alinifundisha kuzungusha vifundo fulani ili mikro ya kwanza iende kushoto na ya pili iende kulia, sauti zisichanganyike, nikafanya hivyo na nikaviacha hivyo. Shida ni kwamba hedifoni zangu zilikuwa zimekufa sikio la kulia. Nikasema si neno, sikio moja linatosha.

Sasa, dada yangu mdogo Esperansi alikuwa anaolewa na kijana wa upande wa Ruhwa, kwa watu wenye biashara zao, wanaovaa koti hata jua likiwaka. Mama yetu anakaa kwangu, huko Mururu. Magoti yanamuuma, ni kweli, lakini tatizo langu halikuwa magoti, tatizo ni kwamba Mama anasahau kwamba jambo ameshalisema, basi analisema tena, na tena, na akishika neno mbele ya watu haliachi. Mimi nilimwona tayari pale ukumbini, na wale watu wa koti wakitazamana. Basi nikamwambia Esperansi kwamba dokta amemkataza Mama kutoka nyumbani. Mama naye nikamwambia vilevile. Na ili nisionekane mbaya nikasema nitamrekodi, atambariki binti yake kwa spika kubwa, itakuwa nzuri kuliko angekuwepo. (Ndiyo, nilisema hivyo. "Kuliko angekuwepo.")

Siku ya kurekodi nilimkalisha Mama kitandani kwake na mikro ya kwanza, waya ukapita chini ya mlango mpaka sebuleni, mimi nikabaki mezani na mikseri. Mikro ya pili ilikuwa pale pale mbele yangu, niliijaribu kwa maneno mawili kabla ya kurekodi, kisha sikuifunga. Ni kifundo kimoja tu! Ningenyoosha kidole ningekuwa mtu mwenye heshima zake mpaka leo.

Mama akaanza. Akasimulia usiku Esperansi alipozaliwa, sisi tukiwa wakimbizi njiani, mvua inanyesha, na mwanamke mmoja asiyetujua akavua kitenge chake akamfunika mtoto. Akamaliza, akapumua, akaanza upya usiku ule ule na mvua ile ile. Mke wangu, Maman Kevine, alikuwa amekuja kukaa karibu nami, tukaanza kunong'ona. Tulizungumza nini mtasikia sasa hivi, kama walivyosikia wengine wote. Baadaye nilisikiliza rekodi kwa hedifoni zile zile, sikio moja, nikasikia Mama peke yake, safi kabisa. Sikukata hata neno. Nikajisifu kwamba mimi ni mtoto mwema.

Siku ya arusi ukumbi wa hapa Kamembe ulijaa. Spika moja ilikuwa kushoto, upande wetu, nyingine kulia, upande wa wakwe. Saa tisa hivi mshereheshaji akatangaza kwamba sasa tutasikia baraka za mama wa bibi arusi, ambaye ni mgonjwa, na watu wakasema "oo" kwa huruma. Sauti ya Mama ikatoka. Upande wetu shangazi wakaanza kufuta machozi mapema. Lakini upande wa wakwe watu walikuwa wanainamisha vichwa, wanaweka mkono sikioni, na kijana wa muziki akaniita.

"Papa Kevine, spika ya kuume haisikilikane. Niipandishe?"

"Pandisha," nikamwambia. "Pandisha yote, basikie muzuri!"

Akapandisha yote. Na kwenye spika ya kulia, juu ya vichwa vya wakwe zangu, nikatoka mimi.

"Anarudia tena," sauti yangu ikasema. "Ngoja, kitenge itakuja mara ya tatu."

Nilidhani naota. Nikatazama kijana wa muziki, naye ananitazama. Kushoto Mama anasema Mungu akulinde mwanangu, kulia mke wangu anauliza, "Lakini juu ya nini hatumupeleke? Kamembe ni hapa tu."

"Apana! Akifika kule atashika mikro saa nzima. Bale bantu batasema Espe ametoka kwa familia ya bendawazimu."

"Si ulisema dokta njo amekatala?"

Na hapo nikajisikia nikicheka, kile kicheko cha puani, mnakijua. "Dokta gani? Dokta ni mimi."

Nilikimbilia kompyuta nikagonga meza ya maji, chupa zikaanguka, na nilipofika sikuona pa kubonyeza, nikang'oa waya. Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, akaacha. Maman Kevine alikuwa amefunika uso kwa kitambaa chote cha kichwani.

Esperansi akasimama na shela yake. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Kaka," akasema, "Maman haiko mugonjwa?"

Nikatikisa kichwa, waya bado mkononi.

"Enda umulete."

Nikamtazama baba wa bwana arusi, mzee mrefu ambaye nilikuwa nimemwogopa miezi yote ile, nikingoja aseme maneno yake makubwa ya kutuvunja. Akatoa funguo mfukoni, akampa dereva wake. "Tutangoja," akasema. "Chakula haitakimbia."

Njia ya kwenda Mururu ni fupi, nami siku ile niliitaka iwe ndefu. Nilimkuta Mama amekaa barazani. Alikuwa amevaa kitenge chake kipya, kilemba, viatu vya kanisani, amejipaka mafuta usoni. Alikuwa amevaa tangu asubuhi, jirani aliniambia, kwa sababu binti yake anaolewa, hata kama yeye hayupo.

"Dokta amekubali?" akaniuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Uongo ulikuwa tayari ulimini, nawaambia ukweli, hata baada ya aibu yote ile. Nikapiga magoti pale chini.

"Maman, hakuna dokta. Ni miye nilikatala."

Akatazama gari. "Nilijua," akasema. "Dokta gani anakatala muntu bila kumuona?" Kisha akaninyooshea mkono nimsimamishe.

Alipoingia ukumbini watu wote walisimama, wakwe kwanza. Esperansi alimwendea mpaka mlangoni, shela inaburuta, wakashikana. Na sasa nitawaambia kitu ambacho kinanisumbua kuliko ile sauti ya spika: Mama alishika mikro, na kila nilichokuwa nimekiogopa kilitokea. Alisema karibu nusu saa. Mvua ilinyesha mara tatu, kitenge kilivuliwa mara tatu. Mchuzi ukapoa. Na hakuna aliyecheka, hakuna aliyetazama saa, mara ya tatu wale watu wa koti walimsaidia kumalizia sentensi kwa sauti ya chini, kama watu wanaoitikia sala. Mimi nilikuwa nimesimama kando nashikilia waya usikatike, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikiliza hadithi ile mpaka mwisho baada ya miaka mingi.

Esperansi alikaa wiki sita hanisemeshi. Alipokuja kututembelea alimsalimia mke wangu, akamsalimia Mama, akaketi, na muda ukapita ndipo akasema, "Kaka, si Maman peke yake ulimudanganya. Miye nililia juu ya ugonjwa haiko." Nikamwomba msamaha, akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Tunaendelea polepole.

Hedifoni mpya nimenunua, kabla ya kurekodi nasikiliza masikio yote mawili, lakini hayo ni mambo ya ufundi tu, mtu yeyote atajifunza. Nilichojiapia ni kingine: sitasema tena kwa niaba ya mtu ambaye bado ana mdomo wake.