Mtani Wangu Kati ya Makanisa Mawili

Ukishuka treni Longbridge na kupita nyumba mpya zilizojengwa palipokuwa na kiwanda cha magari, utafika kwenye vilima ambavyo watu wa Birmingham wanaviita milima. Sibishani nao. Kuna kanisa la kale la mawe huku chini, lingine upande wa pili wa kilima, na kati ya hayo mawili njia ya msituni yenye matope hata mwezi wa saba. Kwa miaka mingi tuliipanda watu watatu kila Jumamosi: mimi, mke wangu na mtani wangu.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, yeye Mzaramo wa Kisarawe. Kwa Mtanzania hapo nimeshamaliza maelezo. Asiyejua na ajue kwamba Mnyamwezi na Mzaramo wameachiwa na mababu ruhusa ya kutukanana bila kununiana, na wajibu wa kuchangamshana misibani, hata kwa kumwigiza marehemu. Begi la chai na maandazi nililibeba mimi siku zote, kwa sababu mtani alisema babu zangu, wapagazi wa misafara, walizaliwa na mizigo mabegani na yeye si mtu wa kuvunja mila. Nami nilimwambia Mzaramo akiona kilima huanza kupiga ngoma chini yake, akingoja kiondoke chenyewe. Mke wangu alikuja nyuma na kofia yake ya sufu ya zambarau, akichechemea kwa goti lake bovu, akitulaani wote wawili na kuuliza tunakimbizwa na nani. Kwenye kanisa la pili tulikaa kunywa chai. Mtani, Mwislamu wa swala tano, alipita akisoma majina makaburini na kuwapa pole Waingereza wa zamani kwa kuzikwa bila watani.

Mke wangu alifariki mwaka jana, wakati wa baridi.

Siku ya maziko mtani alifanya kazi yake. Asubuhi alikuwa ameniomba ile kofia, nami nikampa bila kuuliza ya nini, maana nilijua. Jeneza lilikuwa juu ya mbao, padri amefungua kitabu, mara mtani akatokea nyuma ya watu amevaa kofia, anachechemea kwa goti lile lile la mke wangu, anahema, anauliza kwa sauti ya marehemu tunakimbizwa na nani. Akaketi ukingoni mwa kaburi na kutangaza kwamba huyu ni mali yake, hazikwi mpaka Wanyamwezi walete jogoo wa kumkomboa. Akina mama wa Kitanzania wakaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Mimi machozi yalikuwa yamenigomea tangu hospitali. Nilicheka mpaka yakatoka, na kwa muda mfupi nikamwona mke wangu anatembea.

Binti yetu hakucheka. Alizaliwa hapa, Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kiingereza. Alimvua mtani kofia mbele ya watu.

"Dad, tell him to go," akaniambia, nimwondoe. Mtu huyu, alisema, anamdhihaki mama yake.

Nilianza kumweleza. Lakini utani utauelezaje kwa Kiingereza, kaburini, wachimba kaburi wakitazama saa? Sijafika popote, mtani alishashika njia ya kituo cha basi. Nilimzika mke wangu nikijiuliza kama na rafiki nimempoteza. Baadaye wapo walionikumbusha kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Niliwajibu wakalee wao Newtown, mtaani kwetu hapa Birmingham, baba na mama wakipishana mlangoni kwa zamu za kazi, halafu waje tuzungumze. Binti yangu alikuwa anamlinda mama yake, hilo nalijua. Hasira ninayo vilevile.

Kibaya zaidi kilikuja wiki chache baadaye. Mtani alikuja nyumbani na maua ya dukani yaliyofungwa kwa plastiki, akamwomba binti yangu radhi kwa Kiingereza kilichonyooka. Alisema alikosa heshima. Binti akalia, akamkumbatia, akamtengenezea chai. Mgeni alipoondoka, binti aliniambia kwa furaha kwamba watu wakizungumza mambo huisha. Nilitamani kuyatupa yale maua dirishani. Utani hauombewi radhi. Ukiuombea, umekubali kwamba yalikuwa matusi.

Nikampigia simu, nikamwomba tupande kilima. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama bado nina mtani.

Alifika kituoni kabla yangu. Tulipita kanisa la kwanza. Tulipoingia msituni nikaanza: nikamwambia Wazaramo siku hizi wameharibika, wanakimbia msiba hata jogoo hawajamla. Akaruka dimbwi. Nikautukana ukoo wake, nikapanda mpaka kwa bibi yake, maneno ambayo zamani yangenirudia maradufu kabla sijafunga mdomo. Yeye alipanda tu, macho kwenye matope. Penye utelezi alinishika mkono, akanivusha taratibu, kwa adabu.

Kileleni, jiji zima likiwa mbele yetu, uvumilivu ukaniishia.

"Nitukane," nikamwambia, kwa sauti iliyowafanya watu na mbwa wao wageuke.

Alinitazama kwa huruma.

"Ndugu yangu," akasema, "pole sana kwa msiba."